Husikiliza mlio wa cherehani kabla hajanisalimu

Ndugu Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 39, na kazi yangu ni ushonaji katika kibanda nilichopanga karibu na soko la Mwanjelwa, hapa jijini Mbeya. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo kila ninayemweleza hulipa jina lake, nami nimechoka kupewa majina bila kupewa dawa.

Asubuhi ninapofungua kibanda huwa sina neno na mtu. Nasalimiana na majirani, nataniana na mama anayeuza vitumbua, na binti ninayemfundisha kazi nakaa naye vizuri tu. Lakini ikikaribia saa 9 alasiri, bila ya mtu yeyote kunikosea, nabadilika. Kichwa kinaanza kuuma sehemu ya mbele, macho yanakuwa mazito, na kila kinachotoa sauti kinanikera, iwe ni honi ya bajaji, kicheko cha yule binti au hata mkasi unapowekwa mezani. Siku nyingine haiwi hasira bali unyonge, nikabaki nimeshika kitambaa cha watu na nisione kwa nini nikikate. La ajabu ni kwamba nikishafunga na kutembea hadi kituoni kupanda gari la Uyole, hali ile huanza kuniachia, na nikifika nyumbani nakuwa nimetulia, nikijuta yote niliyoyasema.

Wiki mbili zilizopita binti alishona kola ya shati la shule kinyume. Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe mara nyingi nilipokuwa najifunza. Nilimpokonya lile shati na kuikata kola kwa mkasi mbele ya mteja, vipande vikaanguka chini. Hakulia wala hakujibu. Aliinama akaviokota kimoja kimoja, akaviweka kwenye mfuko wa mabaki, akaendelea na kazi.

Hata hivyo, aliyenifanya nishike kalamu ni mwanangu mdogo mwenye miaka 9, ambaye husoma shule ya jirani na hunipitia kibandani akitoka darasani. Juzi nilitoka nje kumwaga maji nikamkuta amesimama pembeni ya mlango, begi mgongoni, kimya. Nilipomuuliza kwa nini haingii, alinijibu, "Nasikiliza kwanza cherehani, mama." Nikamtaka anieleze. Akasema ikilia mfululizo anajua siku ni nzuri, anaingia na kunisalimu. Ikilia kwa kukatika-katika, anasubiri.

Mume wangu anasema nina gubu nililorithi kwa mama yangu. Wifi yangu anasema kuna mtu amenionea kijicho kwa kuwa wateja wananijia. Kaka yangu amesoma kwenye simu na kuniambia kwamba nina ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka. Mwenzangu wa kwaya anasema niongeze maombi.

Nikueleze na maisha yangu yalivyo. Kazi ni nyingi kipindi hiki, kwa sababu shule zimefunguliwa na harusi za baada ya mavuno zimefuatana. Baridi ya Julai ya huku unaijua, hivyo tunafunga mlango na dirisha, na jiko tunalowashia mkaa wa pasi linakaa ndani likitupasha joto. Chakula cha mchana mara nyingi nakiruka, maana wateja niliowaahidi jioni huanza kuja saa 9. Usiku nakunywa chai ya rangi iliyokolea ili nimalizie kazi nyumbani. Nalala saa 6 na kuamka saa 11 alfajiri. Siku za kukaribia hedhi naona hali inazidi, ingawa si kila mwezi. Pombe situmii.

Je, hii ni tabia, ni ugonjwa, au ni kitu gani? Nifanye nini ili mwanangu asiendelee kunichungulia kama mgeni? Na yule binti, nimwombe radhi, au nikifanya hivyo nitakuwa nimejishusha mbele ya mtu ninayemfundisha?

Wako,
Fundi wa Mwanjelwa


MAJIBU YA MSHAURI

Marahaba, dada yangu. Kabla sijagusa swali lako hata moja, kuna jambo ulilolitaja kwa kupita, nami naomba ulishughulikie leo, hata kabla hujamaliza kusoma majibu haya: litoe jiko nje na ufungue dirisha.

Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu wala haikwaruzi koo kama moshi wa kuni, na kwa sababu hiyo mtu hukaa nayo siku nzima asijue kwamba yuko nayo. Ikiingia mwilini hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, ikakaa mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na ubongo ndio wa kwanza kulalamika. Malalamiko yake ni haya uliyoyaandika mwenyewe bila kujua: kichwa kuuma, macho kuwa mazito, kukosa nguvu, kukereka kwa jambo dogo, kisha nafuu ikaja mtu akitoka nje akatembea kwenye hewa. Kwa kiwango kikubwa hewa hiyo huua, na kila msimu wa baridi katika nyanda hizi, kuanzia Iringa na Njombe hadi kwetu Mbeya, husikika habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke.

Sisemi kwamba nina hakika ndilo lililokukuta, kwa kuwa sijakiona kibanda chako. Nasema ni rahisi kulijua. Mkaa uwake barazani, pasi ipelekwe ndani ikiwa tayari, na dirisha libaki wazi hata kama ni kwa upana wa viganja viwili, kwa sababu pasi yenyewe ya mkaa hutoa hewa hiyohiyo. Vaeni masweta. Kisha muulize binti, kwa sauti ya kawaida, kama naye huumwa kichwa alasiri. Akisema ndiyo, basi mnaugua wote wawili, na hakuna gubu linaloambukiza kichwa cha mtu wa pili. Ikiwa kuna siku mmoja wenu alipata kizunguzungu, kichefuchefu au aliishiwa nguvu ghafla, nendeni hospitali na mtamke neno mkaa, maana daktari asipoambiwa anaweza kuwatibu kichwa tu na kuwarudisha palepale.

Sasa nije kwenye yale majina manne. Mume wako, wifi yako, kaka yako na mwenzako wa kwaya wote wanakupenda, sina shaka, lakini wote wanne wameuchungulia moyo wako na hakuna hata mmoja aliyetazama saa. Wewe ndiye uliyeitazama, ukaandika saa 9. Gubu la kurithi halina saa ya kuingia kazini. Kijicho nacho, sitabishana na wifi yako kama kipo au hakipo, ila ningependa anieleze kwa nini kinasubiri alasiri na kwa nini kinateremka ukifika kituo cha magari. Hali ya moyo inayokuja kwa ratiba karibu kila mara hutokana na mambo yaliyomo ndani ya ratiba hiyo, na ya kwako, dada yangu, ni nzito.

Tuanze na mwili. Kila binadamu ana saa ya ndani inayoongoza usingizi, joto la mwili na wepesi wa akili, na saa hiyo humshusha kidogo mchana, takriban kati ya saa 8 na saa 10, hata kama hakula chochote. Kwa aliyelala vya kutosha ni mwayo mmoja na kunyoosha mgongo. Kwa aliyelala kwa saa 5 tu, ilhali mtu mzima anahitaji angalau saa 7, ni shimo. Ubongo uliokosa usingizi huyapokea mambo madogo kwa ukali uliozidi kiasi chake, na kicheko cha binti kikawa tusi. Na ile chai ya rangi iliyokolea inakukopesha usiku kwa riba, kwa kuwa kafeini huchukua takriban saa 5 mwilini kabla ya kupungua hata nusu yake. Kikombe cha saa 3 usiku bado kina nusu ya nguvu yake saa 8 usiku, wakati wewe unadhani umelala. Chai kali iishe saa 8 mchana. Usiku kunywa maji ya moto yenye tangawizi ukitaka kitu cha kushika mkononi.

Halafu chakula. Mtu aliyekunywa chai na vitumbua asubuhi akaketi kwenye cherehani hadi saa 9 bila kutia kitu tumboni, mwili wake humwaga homoni za dharura ili kuinua sukari ya damu, na homoni hizo ndizo zilezile zinazomwandaa mtu kupigana. Humo ndimo mikono inapotetemeka na ulimi unapowahi. Hatuko mahali pa kufa njaa: nusu ya parachichi la Rungwe, viazi viwili vya kuchemsha, konzi ya karanga, vyote hivyo huliwa kwa dakika 10 bila hata kuondoka kwenye kiti. Ule kabla ya saa 8, usingoje njaa ikukumbushe, kwa sababu njaa ya mtu mwenye kazi nyingi haijitambulishi kama njaa.

Lakini hapa nataka kukaa kidogo, maana nadhani ndipo penye mzizi ambao hata ukilala na kula utabaki. Umeandika "wateja niliowaahidi jioni" kama mtu anavyoandika habari za mvua, kwamba inakuja tu. Nisamehe, kwani nina suruali iliyo kwa fundi tangu Pasaka na nazungumza kama mdai, lakini ahadi hizo umezitoa wewe. Fundi anapopokea kianzio cha nguo ya sita wakati uwezo wake wa siku ni nguo tatu, na wote akawaambia waje jioni, amejipangia saa ya kuogopa. Asubuhi unaimba kwa sababu jioni iko mbali. Ikikaribia, kila kivuli mlangoni kinaweza kuwa mwenye gauni ambalo halijatiwa hata vifungo. Hiyo si hasira hata kidogo. Ni hofu na aibu, na vitu hivyo viwili havipendi kuonekana, hivyo huvaa nguo za hasira na kumwendea aliye karibu na asiyeweza kujibu, ambaye katika kibanda chako ni binti wa watu.

Ndiyo maana nakuomba ujifunze kuiita kila hali kwa jina lake, na Kiswahili hakijatunyima maneno. Hasira ina mtu na ina kosa. Hamaki hupanda ghafla na kushuka. Gubu ni manung'uniko ya muda mrefu yanayomlenga kila mtu, na kwa jinsi ulivyojieleza sioni kama unalo. Kisirani ni siku inayoanza vibaya ikataka kila kitu kifuate. Unyonge ni mwili uliochoka unaoushusha moyo, simanzi ni huzuni yenye jambo lake, na jakamoyo ni ule wasiwasi wa kifuani wa kungoja kitu kibaya, ambao nadhani ndio wako wa saa 9. Mtu anayesema "nimevurugwa" kwa kila hali hajui pa kuanzia, lakini anayesema "nina jakamoyo kwa sababu ya gauni la bibi harusi" tayari anajua kwamba dawa yake ni kumpigia simu bibi harusi saa 4 asubuhi, kabla hajafika mlangoni. Wanasaikolojia wamechunguza jambo hili kwa vipimo vya ubongo na kukuta kwamba kule kuitamka hisia kwa neno lake peke yake hupunguza msisimko wake.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda. Mwaka 1983 wanasaikolojia Norbert Schwarz na Gerald Clore walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika Marekani, ambamo watu walipigiwa simu, wengine siku ya jua na wengine siku ya mvua, wakaulizwa wanaridhika kiasi gani na maisha yao yote. Waliopigiwa siku ya mvua waliyaona maisha yao kuwa duni zaidi, lakini pale mpigaji alipoanza kwa kuuliza hali ya hewa ikoje huko, tofauti ile ilitoweka, kana kwamba mtu amejiambia, "kumbe ni mvua tu." Uchunguzi mkubwa zaidi uliofanywa baadaye ulikuta kwamba mvua na jua vina athari ndogo kuliko ilivyodhaniwa, kwa hiyo sikuleti habari hii kwa ajili ya mvua. Naileta kwa ajili ya lile swali la kwanza. Moyo ukiwa mzito hutafuta sababu, na huchukua iliyo karibu zaidi hata kama siyo. Kola iliyogeuzwa ilikuwa karibu.

Na kwa kuwa nimeitaja hali ya hewa, usiitwike baridi mzigo huu. Ni kweli kwamba mwaka 1984 daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake walieleza aina ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inayowapata watu wa nchi za kaskazini majira ya baridi, ambako mchana hufupika mno na mwanga kuadimika. Hapa Mbeya mchana wa Juni na mchana wa Desemba hupishana kwa kama saa moja tu, na Julai yetu ina jua la kutosha mchana. Baridi ya kwetu ina kosa moja, nalo ni kufunga mlango.

Sasa chukua lile daftari lako la vipimo, ugeuze kurasa za nyuma, na uanze kujipima wewe. Kila siku, saa 4 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku, andika namba kuanzia 0 hadi 10 kuonyesha moyo wako ulivyo, na neno moja la jina la hali hiyo. Pembeni andika ulilala saa ngapi, ulikula nini mchana, jiko lilikuwa wapi, wateja wangapi walikuwa wanasubiri nguo, na siku ya hedhi uliyofikia. Ufanye hivyo kwa miezi miwili kamili, hata siku nzuri, hasa siku nzuri. Nasisitiza kuandika kwa sababu kumbukumbu haiaminiki katika jambo hili: mtu akiwa na moyo mzito hukumbuka siku nzito, akaapa kwamba mwaka mzima umekuwa hivyo, na akiwa mwepesi husahau kwamba juzi alikata kola ya watu.

Miezi miwili ina sababu yake. Mabadiliko yanayotokana na hedhi huonekana katika siku za kuitangulia, kwa wengine wiki moja na kwa wengine mbili, na hupoa damu ikishaanza kutoka, ndani ya siku chache. Ukilinganisha miezi miwili utaona kama namba zako hushuka katika siku hizo hata pale ulipolala na kula vizuri, au kama hedhi inazidisha tu yale ambayo usingizi na njaa vilikwisha kuyaanzisha, jambo ambalo lingeeleza kwa nini si kila mwezi. Pia unakaribia miaka 40, umri ambao baadhi ya wanawake huanza kuona homoni zao zikibadilika bila mpangilio. Namba zikionyesha mporomoko mkubwa kila mwezi, peleka daftari kituo cha afya, kuna matibabu, na mhudumu anayeoneshwa kurasa za miezi miwili hukusikiliza tofauti na anayeambiwa "huwa nakasirika." Uwaombe pia wapime wingi wa damu, kwani upungufu wa damu huleta uchovu na wepesi wa kukereka, na tezi ya shingo. Wazee wa nyanda hizi wanalijua rovu, ule uvimbe wa tezi hiyo shingoni, maana udongo wa milimani una upungufu wa madini joto, na kabla ya chumvi yenye madini hayo kuenea lilikuwa jambo la kawaida huku. Tezi hiyo ikilegea mtu huwa mnyonge, mzito na mwenye kuhisi baridi kuliko wenzake. Ikizidi kasi, moyo humwenda mbio na uvumilivu humwisha.

Kuhusu kaka yako na simu yake, ugonjwa anaoutaja upo na unatibika, lakini haupandi asubuhi na kushuka alasiri kwa ratiba ya soko. Vipindi vyake huhesabiwa kwa siku na wiki: siku zisizopungua 4, au wiki nzima kwa aina iliyo kali, ambamo mtu hulala kidogo bila kuchoka, huongea mfululizo, hutumia fedha bila hesabu na hujiona anaweza lolote, kisha vipindi vya kuzama. Sonona nayo hutambuliwa ikidumu wiki 2 au zaidi, karibu siku nzima, karibu kila siku, mtu akiwa hana furaha wala hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi na chakula vikivurugika, akijiona hana thamani. Wewe bado unataniana na mama wa vitumbua. Lakini ikiwa ule unyonge wa kushika kitambaa utaanza kukukuta tangu asubuhi, au likikujia wazo kwamba bora usingekuwepo, usingoje daftari lijae. Mwambie mumeo siku hiyohiyo na nendeni hospitali. Hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo hapa jijini ina huduma ya afya ya akili, na kuingia huko si kupewa jina la kudumu. Mwenzako wa kwaya naye asikudhanie umempuuza: maombi hayagombani na dirisha lililo wazi.

Mume wako nina ombi kwake, nalo umsomee kama lilivyo. Bwana, kabla hujamrudishia mkwe wako gubu, jiulize kama naye hakuwa mama aliyelala kwa saa 5 tu na kuamka kabla ya jogoo. Huenda alichorithi mkeo ni ratiba. Ukichukua wewe kazi ya jioni nyumbani siku tatu kwa wiki, chakula na daftari za shule za watoto, naye akalala saa 4, utakuwa umefanya uchunguzi mzuri kuliko wa simu ya shemeji yako.

Wakati haya yote yakiendelea, saa 9 itaendelea kufika kila siku, na kwa hiyo unahitaji sheria ya kibandani. Kukata kitambaa ufanye asubuhi. Alasiri ibaki ya vifungo, pindo na kupiga pasi, kwa kuwa pindo lililokosewa hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Ukihisi kichwa kinaanza, weka mkasi chini, toka nje, tembea hadi mwisho wa safu ya vibanda na urudi. Hamaki isiyochochewa hupoa kwa dakika chache, na dakika 10 za kutembea ni nafuu kuliko shati jipya. Ahadi nazo zigawanye: wateja wawili wa saa 4, wawili wa saa 7, na usipokee kianzio cha nguo ambayo ukurasa wa siku hiyo hauna nafasi yake. Wapo watakaokwenda kwa fundi mwingine. Waache waende.

Mwanao usimkataze kusikiliza cherehani, maana amejifunza kusoma alama kwa kuwa hakupewa maneno. Mpe maneno. Akifika mlangoni, wewe ndiye utangulie: "Karibu, mwanangu. Leo mama amechoka, na si wewe uliyenichosha. Nimalize mshono huu, halafu unihadithie ya shule." Kisha umalize mshono na ukae umsikilize kweli, kwa sababu mtoto wa miaka 9 akimwona mzazi amenuna na hakuambiwa chochote, mara nyingi hudhani ni yeye aliyekosa, na wa kwako amekuwa akisimama nje na dhana hiyo. Usitarajie aache kusikiliza wiki hii wala ijayo.

Kwa yule binti, ndiyo, mwombe radhi, na usiongeze neno "lakini." Ulimkosea mbele ya mteja, hivyo usimnong'oneze jikoni, mwambie asubuhi, kibanda kikiwa na watu, kwamba siku ile ulikata kazi yake kwa hasira ambayo haikuwa yake. Hutakuwa umejishusha. Anayejifunza ushonaji kwako anajifunza pia jinsi fundi anavyofumua alipokosea. Kitambaa cha shati ukilipe kutoka mfukoni mwako, umkatie kola nyingine, umwachie aishone mwenyewe kuanzia mwanzo, na wewe uketi upande wa pili na kazi yako bila kumwangalia mikono.